Usukani Uliotulia: Safari ya Kwanza Mbulu na Hanang

Anayekwenda Mbulu kutoka Arusha huiacha lami ya Babati pale Mbuyu wa Mjerumani, akakata kulia kuelekea Magara. Mbele yake ukuta wa Bonde la Ufa umesimama kuziba magharibi yote, na juu ya ukuta huo ndiko iliko nchi ya Wairaqw. Nilipopita mimi, kuanzia njia panda ile hadi Mbulu mjini, kisha Dongobesh, Haydom na Basotu, mpaka kuikuta tena lami Mogitu karibu na Katesh, sehemu kubwa ya safari ilikuwa changarawe na vumbi. Madereva wa huku wanaiita rafu.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia Mbulu na Hanang. Nilichagua kiangazi, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani na vijito vingi vimekauka, kwa kuwa masika hugeuza udongo wa mabondeni kuwa tope linaloweza kumshikilia msafiri kutwa nzima. Nilikuwa na Honda XR250, mtumba kutoka Japani, pikipiki ndefu yenye gurudumu la mbele la inchi 21. Ni aina inayofaa njia mbovu, maana gurudumu kubwa hupanda jiwe ambalo dogo lingeligonga.

Kwenye mzigo nilikuwa nimefunga kifaa nilichokinunua Kariakoo: shokapu ya usukani. Ni silinda nyembamba ya aluminiamu iliyojaa oili, yenye fimbo ya chuma inayoingia na kutoka, na kitasa kidogo cha kukazia au kulegezea. Upande mmoja hufungwa kwenye fremu, ambayo haigeuki. Upande wa pili hufungwa kwenye sehemu inayogeuka pamoja na usukani. Kazi yake ni moja tu, kuuzuia usukani usitikisike ghafla. Sikuifunga Arusha, kwa makusudi. Nilitaka kwanza niijue barabara kwa pikipiki kama ilivyotoka kiwandani, kisha niijue kwa kifaa, ili nitakachosema kiwe kitu nilichokihisi mikononi na si maneno ya muuzaji. Isitoshe, rafiki yangu bwana shamba, aliyefanya kazi wilaya hizi miaka mingi, alikuwa ameshanielekeza kwa fundi mmoja wa Mbulu mjini ambaye pikipiki za aina hii zimepita mikononi mwake tangu ujana.

Uwanda ulio kati ya Ziwa Manyara na Ziwa Burunge ni tambarare, na utambarare wake ndio unaodanganya. Barabara imenyooka, mkono unashawishika kuvuta mafuta, na hapo ndipo mikunjo inapoanza. Mikunjo ile haichimbwi na mtu. Gurudumu linalokwenda kasi juu ya changarawe kavu huruka kidogo kila linapogonga kokoto, na linapotua husukuma changarawe mbele yake. Linalofuata hurukia palepale na kutua palepale. Baada ya malori na mabasi ya wiki chache, barabara nzima inakuwa imejipanga mistari ya kukingama, na kila mstari unaupiga usukani.

Kwa mwendo wa taratibu nilihesabu kila pigo. Nilipoongeza kasi mapigo yaliungana, mtetemo ukapungua, na pikipiki ikawa kama inaelea. Kila dereva wa rafu anaijua raha hiyo, na anaijua hatari yake, kwamba gurudumu linaloelea halishiki ardhi. Nilipoingia kwenye fungu la changarawe iliyolegea, usukani ulianza kutikisika wenyewe, kushoto kulia, kushoto kulia, upesi kuliko mkono wa mtu unavyoweza kufuata. Nikaachia mafuta polepole, nikalegeza mikono badala ya kuikaza, nikabana tanki kwa magoti, na mtikisiko ukafa wenyewe.

Wahandisi wameupima mtikisiko huo. Usukani wa pikipiki unaotikisika hivyo huenda na kurudi kati ya mara nne na kumi kwa sekunde. Chanzo chake kimo ndani ya kitu kilekile kinachoifanya pikipiki isimame wima. Ukichora mstari kupitia nguzo ya usukani hadi chini, mstari huo hugusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi inapogusa. Kwa hiyo tairi huburutwa nyuma ya mstari, na kila ikipotoka huvutwa irudi katikati. Hilo ndilo linalotuwezesha kuachia mkono mmoja tukafuta vumbi usoni. Lakini tairi ikisukumwa kwa pigo kali hurudi kwa nguvu, ikapita katikati, ikavutwa tena upande wa pili. Kama kuna msuguano wa kutosha, mchezo unaisha. Kama hakuna, kila mzunguko unauzidi uliotangulia, mpaka usukani unagonga vizuizi vyake pande zote na dereva anarushwa.

Nilivuka Daraja la Magara mchana. Lina urefu wa mita 84, na wenyeji niliozungumza nao hapo hawakuchoka kulisifu, maana kabla yake mto ulipojaa Mbulu ilikatwa upande huu, na mgonjwa na mfanyabiashara wote walisubiri maji yapungue. Baada ya daraja mlima ukaanza. Sehemu zenye mwinuko mkali zimewekwa zege, na pikipiki ilipanda kwa gia ya pili huku bonde likizidi kushuka nyuma yangu, Ziwa Manyara likibaki ukanda mweupe wa magadi. Juu hewa ilibadilika. Baridi iliingia kwenye mikono ya koti, majani yakawa mabichi, na kwa mbali Msitu wa Nou ulikuwa umefunikwa na ukungu ijapokuwa chini tulikuwa tunaungua jua.

Fundi nilimkuta Mbulu mjini kwenye kibanda cha mabati, mtu mzima mwenye mvi na mikono iliyojaa grisi.

“Shikamoo fundi.”

“Marahaba. Karibu Mbulu. Umepandia Magara?”

“Ndiyo, mzee.”

“Basi usukani umeshakueleza shida zake.”

Nilimtolea shokapu ya usukani. Aliigeuza mkononi, akavuta fimbo na kuisukuma, akasikiliza, akaitazama sili kama inavuja, kisha akaiweka juu ya meza na kuifunika kwa kitambaa. “Hii tutaifunga mwisho,” alisema. “Kwanza tuone pikipiki ina afya gani. Ukifunga hii juu ya ugonjwa, ugonjwa unanyamaza tu, haujapona.”

Aliweka gogo chini ya injini mpaka gurudumu la mbele likaning’inia hewani. Alichuchumaa, akashika shokapu za mbele kwa chini, akazivuta kwake na kuzisukuma. Ukasikika mlio mdogo wa kugonga, tk, tk. Aliniita niweke kidole pale fremu inapokutana na chuma kinachoshika shokapu, na nikauhisi mchezo wa chuma hicho kwa ncha ya kidole. Beringi za usukani zilikuwa zimelegezwa na rafu. Kisha akageuza usukani polepole kutoka upande mmoja hadi mwingine kwa kidole kimoja, akitafuta kama kuna mahali unaponasa katikati. Haukunasa, na alisema hiyo ni heri, maana beringi iliyochimbika njiani mwake huweka kitako katikati, na usukani wa namna hiyo hautibiwi kwa kukaza, beringi hutolewa zikawekwa mpya.

Alifungua nati ya juu, akatoa beringi, akaziosha kwa mafuta ya taa. Grisi ya zamani ilikuwa imegeuka rangi ya udongo. Alipaka mpya kwa ukarimu, akarudisha, akakaza hadi mchezo ukaisha lakini usukani ukawa bado unaanguka wenyewe kushoto au kulia unapousukuma kidogo kutoka katikati. Hiki ndicho kipimo chake: usigonge, usinase, uanguke kwa uzito wake. Alipomaliza akapima upepo wa matairi, akaminya spoku moja moja kutafuta iliyolegea, akazungusha gurudumu kuona kama ringi imepinda. Mwisho akalitazama begi langu la nyuma. Lilikuwa limekaa nyuma ya ekseli, na alilisogeza mbele hadi likagusa kiti. Mzigo ukikaa nyuma ya gurudumu la nyuma, alinieleza, unainua la mbele, na gurudumu la mbele lililoinuliwa ndilo hutikisika.

Hapo ndipo alipofunua kitambaa.

Kazi ya kufunga ilichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani, kwa sababu fundi hakutaka kuchomelea. Mtu mwingine angeweka kipande cha chuma kwenye fremu, akapiga weldingi, akamaliza. Yeye alikataa katakata. Moto wa kuchomelea karibu na shingo ya fremu hubadilisha chuma, alisema, na shingo ndiyo inayobeba kila pigo la barabara. Ikipasuka hakuna kifaa kitakachokuokoa. Badala yake alikata bamba la chuma, akalikunja kwa nyundo juu ya reli ya zamani, akatengeneza klampu ya nusu mbili inayokumbatia bomba la fremu kwa bolti. Kati ya klampu na rangi aliweka ukanda mwembamba aliokata kwenye kopo la soda. Mpira haukumfaa, kwa kuwa mpira unabonyea, na kile kinachobonyea kinaacha nafasi ya kutikisika kabla shokapu haijaanza kufanya kazi.

Klampu ya pili, iliyokuja na kifaa, aliifunga kwenye bomba la shokapu ya mbele, kati ya vyuma viwili vinavyoishikilia juu na chini. Mahali hapo bomba haliendi juu wala chini, linageuka tu. Kadiri kifaa kinavyokaa mbali na nguzo ya usukani ndivyo mkono wake unavyokuwa mrefu na nguvu yake kuongezeka, lakini pia ndivyo fimbo inavyohitaji kuvutika zaidi. Alitafuta mahali ambapo usukani ukiwa katikati, fimbo iko nusu ya safari yake, ikiwa imelala karibu pembe mraba na mkono unaoisukuma.

Kisha yakaja majaribio, na hapa alikuwa mkali kuliko mahali pengine popote. Gurudumu likiwa bado hewani, alipeleka usukani hadi mwisho wa kushoto. Chuma cha kizuizi cha fremu kikagonga. Akauliza, “Umeona nani amegonga?” Nikamwambia ni kizuizi. “Na shokapu?” Fimbo ilikuwa imebakiza nafasi ya unene wa kidole. Akapeleka kulia, ikawa hivyo hivyo. Kama fimbo ingefika mwisho kabla ya kizuizi, usukani ungekwama kwenye kona kabla haujamaliza kugeuka, au klampu ingevunjika siku dereva anapoihitaji. Aliangalia waya wa klachi, waya wa mafuta na bomba la breki katika kila pembe, kama kuna kinachobanwa au kusuguliwa. Aligeuza vichwa vya fimbo kwa vidole kuhakikisha vinacheza huru. Bolti zote alizitoa tena moja moja, akazipaka gundi ya nati, akazikaza.

Alikizungusha kitasa hadi mwisho wa ulaini. “Sasa sukuma usukani polepole.” Nilisukuma, ukaenda bila kunipinga. “Upige kwa kiganja.” Niliupiga, na usukani ukasita, kana kwamba mtu ameushika upande wa pili. Nikarudia. Polepole, unakubali. Ghafla, unakataa. Oili iliyomo ndani hulazimika kupita kwenye tundu jembamba. Ikienda taratibu inapita bila kelele, ikisukumwa kwa nguvu inapinga, na kadiri kasi inavyozidi ndivyo upinzani unavyozidi.

Si kifaa kipya kwa asili yake. Pikipiki nyingi za Uingereza za katikati ya karne iliyopita, kama BSA na Royal Enfield, zilikuwa na kitasa juu ya nguzo ya usukani ambacho dereva alikikaza, sahani ndogo zikabanana na kuleta msuguano, hasa alipofunga kigari cha pembeni. Upungufu wa msuguano ule ni kwamba hautofautishi. Unapinga kona ya taratibu sawa na unavyopinga pigo la jiwe. Oili ndiyo iliyoleta busara, kwa kuwa inaujua mwendo. Ndiyo maana leo waendeshaji wa mbio za jangwani hufunga shokapu za usukani za oili kwenye pikipiki zao, na mwaka 2004 Honda iliuza CBR1000RR ikiwa na yake tangu kiwandani, inayojikaza yenyewe kwa umeme kadiri mwendo unavyoongezeka.

Nililala Mbulu. Asubuhi yake, kabla ya kushika njia ya Haydom, nilipanda hadi Kainam, kwenye milima ambayo Wairaqw wanaitambua kuwa ndiyo kiini cha nchi yao, Irqwar Da’aw. Nilikuwa nimesoma habari zake, lakini macho yana haki yao. Miteremko ni mikali, mvua ni nyingi, na watu wamelima hapo vizazi kwa vizazi bila udongo kukimbilia mtoni. Matuta yamekata mteremko kwa kukingama, mifereji inayapokea maji na kuyapeleka kando, samadi ya ng’ombe wanaolala ndani ya nyumba inarudishwa shambani kwa kichwa na mikono, na mabonde yenye unyevu hulimwa kiangazi. Mwanajiografia wa Uswidi, Lowe Börjeson, alichapisha mwaka 2004 kitabu kuhusu kilimo hiki cha milima ya Mbulu, na alichoonyesha ni kwamba hakikujengwa kwa amri wala kwa mpango wa mara moja. Kilikusanyika kidogo kidogo, kaya kwa kaya, msimu kwa msimu.

Nikiwa nimesimama ukingoni mwa shamba nilielewa kwamba nilichofungiwa jana na ninachokitazama leo ni elimu moja. Tuta halizuii maji yasishuke, kwa sababu maji lazima yashuke. Linayanyima kasi. Yakifika chini yamechoka, hayana tena nguvu ya kubeba udongo. Fundi wa Mbulu na mkulima wa Kainam wanashughulikia jambo lilelile: kinachovunja ni ughafla. Mwendo wenyewe hauna kosa.

Kutoka Mbulu kwenda Dongobesh na kuendelea Haydom nilirudi kwenye mikunjo ileile ya barabara, sasa na kifaa. Tofauti niliihisi kwanza kwenye viganja. Gurudumu liliendelea kupigwa, na shokapu za mbele ziliendelea kufanya kazi yake ya juu na chini, lakini yale mapigo ya pembeni yaliyokuwa yakipanda hadi kwenye viwiko yaliishia njiani. Nilipoingia kwenye changarawe iliyolegea, usukani ulijaribu kwenda kushoto, ukapungukiwa nguvu, ukarudi. Sikulazimika kufanya chochote. Na kwa kuwa mikono haikuwa ikibana, macho yalipata nafasi ya kutazama mbali: vitunguu saumu vilivyoanikwa kando ya nyumba, punda wakirudi kisimani, vijana wa Kidatoga na mashuka yao wakivusha ng’ombe. Faida hiyo muuzaji hakunitajia. Dereva ambaye hapambani na usukani anaona mapema kinachomjia, na kuona mapema ndiyo nusu ya usalama.

Haydom ni mji uliokulia kuzunguka hospitali. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Kinorwe, na leo wagonjwa huja kutoka Mbulu, Hanang na ng’ambo ya mipaka ya mkoa, hadi Singida na Simiyu. Kwenye mitaa yake unaweza kusikia kwa siku moja Kiiraqw, ambacho ni cha jamii ya Kikushi, Kidatoga cha jamii ya Kinailoti, Kinyiramba cha Kibantu, na kama Wahadzabe wamepanda kutoka Bonde la Yaeda, Kihadza kisicho na ndugu anayejulikana. Kiswahili kinawaunganisha wote, na pikipiki inawafikisha.

Nilisimama jirani na geti. Bodaboda ziliingia na kutoka. Nyingi zilikuwa Boxer na TVS. Kwenye moja dereva alikuwa mbele, mama mjamzito katikati, na ndugu yake nyuma akimshikilia. Huo ndio mshikaki ambao sheria inaukataza, lakini ambao kwa kijiji kisicho na gari ndio gari la wagonjwa. Nilitazama gurudumu la mbele la pikipiki ile. Watu watatu wamekaa, na uzito wote umekwenda nyuma.

Kijana mmoja wa bodaboda alikuja kutazama kifaa changu.

“Kaka, hii ndogo hapa ni ya nini?”

Nilimweleza. Akaupiga usukani wangu kwa kiganja kama fundi alivyonifundisha, akacheka kwa furaha.

“Nikitaka ya Boxer napata wapi?”

Nilimwomba kwanza alete Boxer yake. Tuliinua gurudumu la mbele juu ya tofali mbili, nikamwonyesha pa kushika. Alivuta na kusukuma. Mlio wa kugonga ulisikika mpaka wenzake wakageuka. Alisema usukani wake umekuwa ukitikisika akiwa na abiria wawili, na alidhani ni tairi. Nikamwambia akiwa na pesa ya jambo moja tu leo, aipeleke kwa fundi wa beringi. Shokapu ya usukani itasubiri. Alinishukuru, akawaita wenzake, na kabla sijaondoka pikipiki nyingine tatu zilikuwa zimeinuliwa juu ya matofali.

Njia ya Haydom kwenda Mogitu kupitia Basotu ndiyo niliyoitumia kukijaribu kifaa kwa makini, kwa sababu ina kila kitu: mikunjo, mchanga, na vumbi laini la majivu ya volkano linaloficha mashimo. Niliongeza ukazaji kidogo kidogo. Kwenye mikunjo ya kasi kifaa kilizidi kuwa kitamu. Kisha nikakaza makusudi kupita kiasi, nikaingia mchanga kwa mwendo wa taratibu. Hapo pikipiki ikaanza kuyumba mwili mzima, polepole, kama isiyo na uamuzi. Sababu ni kwamba mtu anapoendesha taratibu, mizani yote huletwa na usukani unaokwenda huku na huku kidogo kidogo bila yeye kujua; ukiufunga usukani usiende, umeifunga na mizani. Nikalegeza hadi karibu na ulaini wa mwanzo, na hapo nikapaacha. Shokapu ya usukani iliyokazwa zaidi ya haja humnyima dereva kile alichozaliwa nacho.

Kuzunguka Basotu ardhi hufunguka ghafla. Ziwa Basotu, la maji baridi, limelala kwenye shimo la volkano ya kale, na nje yake uwanda wa ngano unakwenda mpaka macho yachoke. Uwanda huu ulikuwa malisho bora ya Wabarabaig, tawi la Wadatoga. Tangu miaka ya 1970 Shirika la Kilimo na Chakula la Taifa, NAFCO, kwa msaada wa Canada, liligeuza sehemu yake kubwa kuwa mashamba makubwa ya ngano yanayolimwa kwa mashine. Wafugaji walikatiwa njia zao za kuhama, na makaburi ya wazee wao yakapitiwa na matrekta. Watu wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashinda Mahakama Kuu mwaka 1984, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo. Ngano ilipatikana, na watu waliumia, kwa kuwa mabadiliko yaliwajia kwa kasi ambayo maisha yao hayakupewa nafasi ya kuipokea.

Mlima Hanang ulikuwa mbele yangu kwa saa nyingi kabla sijaufikia, peke yake juu ya uwanda, zaidi ya mita 3,400. Katesh, makao makuu ya wilaya, iko miguuni pake. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya ubavu wa mlima iliyokuwa na miamba dhaifu iliyolowa ilimeguka. Tope, mawe na magogo vilishuka kwa njia ya mto Jorodom, vikapita Gendabi na Jorodom vikaingia Katesh. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Haukuwa mlipuko wa volkano, kama wengi walivyohofia siku zile. Yalikuwa ni maji na udongo vilivyopata kasi bila kitu cha kuvipunguza. Nilipita Katesh kwa mwendo mdogo. Nyumba zimejengwa upya, soko lina watu, wengine wamehamishiwa makazi mapya Gidagamowd. Mzee mmoja niliyenunua kwake maji alinionyesha kwa fimbo yake mkondo ulikopita. Nilimpa pole. Alisema, “Mungu atulinde, na sisi tupande miti.”

Kutoka Katesh hadi Babati ni lami, na kwenye lami kifaa kilikuwa karibu hakina kazi, isipokuwa pale malori ya Singida yaliponipita na upepo wao ukasukuma gurudumu la mbele. Nimeamua kukiacha pikipikini. Kwa mtu anayesafiri mbali kwenye rafu, mwenye pikipiki ndefu na mzigo, ninaweza kusema kwa moyo mweupe kwamba ni pesa iliyotumika vizuri, mradi kifungwe na fundi anayejali vizuizi, waya na shingo ya fremu, na mradi kianzie kwenye ulaini wake.

Lakini kwa maelfu ya vijana wanaobeba watu na mizigo katika wilaya hizi, mpangilio wa fundi wa Mbulu ndio wa kufuata. Beringi za usukani zisiwe na mchezo. Matairi yawe na upepo, ringi iwe nyoofu, spoku zikaze. Mzigo usogee mbele ya ekseli ya nyuma. Uchunguzi wote huu unahitaji tofali mbili, mikono miwili na robo saa, na hautegemei kifaa kutoka ng’ambo. Vyama vya bodaboda vingeweza kuufanya kila Jumatatu kijiweni, na wanaofundisha udereva vyuoni na kwenye halmashauri wangeweza kuuweka kwenye somo la kwanza, kabla ya alama za barabarani. Mama anayepelekwa Haydom kujifungua ana haki ya kubebwa na pikipiki ambayo usukani wake umechunguzwa wiki hiyohiyo.